Paa la fremu likivuja, nani anamlipa fundi? Mwongozo kamili kwa wapangaji na wenye majengo, Arusha na Moshi

Fremu nyingi za biashara (vyumba vya maduka) Arusha na Moshi hulipiwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Hapo ndipo ugomvi wa matengenezo unapoanzia. Kabla hujatoa hela, mwenye jengo anakusikiliza: dari itabadilishwa, choo kitazibuliwa, waya utavutwa upya. Ukishalipa ya mwaka, huna tena cha kumshikia, na ahadi zote zilizotolewa mlangoni mbele ya dalali zinabaki maneno. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu siku chache kabla ya kulipa. Yanayofuata baadaye, yaani notisi, barua na mabaraza, yanasaidia pale tu palipoandikwa kitu mwanzoni.

Hatua ya kwanza: jua umepanga fremu au jengo zima

Watu wengi hawaulizi swali hili, na ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, iliyotungwa mwaka 1999, inaweka masharti ndani ya kila mkataba wa pango hata kama hamkuyaandika. Kifungu cha 88 kinambana mwenye jengo, cha 89 kinambana mpangaji. Kwa upande wa matengenezo, kifungu cha 88 kinasema kwamba pale inapopangishwa sehemu tu ya jengo, mwenye jengo ndiye anayetunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu, na maeneo yanayotumiwa na wote kama korido, ngazi na vifaa vya pamoja. Kwa hiyo ukiwa na fremu moja kati ya sita kwenye jengo la Barabara ya Sokoine au karibu na soko la Mbuyuni, paa likivuja sheria iko upande wako, hata kama karatasi mliyosaini ni ya ukurasa mmoja isiyotaja paa kabisa.

Sasa chukua mtu aliyepanga nyumba nzima Njiro afungue zahanati, au jengo zima Shanty Town ya Moshi afungue nyumba ya wageni. Sharti lile la paa na kuta kuu linahusu jengo lililopangishwa kwa sehemu, na yeye hakupanga sehemu. Kwake kinachosimama ni kifungu cha 89: mpangaji atunze majengo aliyopanga yakae katika hali nzuri ya kuridhisha. Mkataba wake ukiwa kimya, anaweza kujikuta anabeba mzigo wa bati na kenchi (mbao zinazobeba paa) za nyumba ambayo si yake. Aliyepanga jengo zima anahitaji mkataba mrefu kuliko mwenye fremu, na aandikiwe na wakili.

Kuna jambo la pili wafanyabiashara hulikosea. Sheria inamtaka mwenye nyumba ya kuishi ahakikishe nyumba inafaa kukaliwa na binadamu tangu mwanzo na kipindi chote cha pango. Sharti hilo limetajwa kwa nyumba na vyumba vya kuishi. Fremu ya biashara haikutajwa hapo, kwa hiyo usitegemee sharti hilo kuja kusema baadaye kwamba haikufaa kwa kazi yako. Ukaguzi ni juu yako.

Na jengo likisemwa kuwa "katika hali nzuri ya matengenezo", maana yake si kulifanya jipya. Kipimo cha sheria ni namna mmiliki mwenye busara angetunza mali yake, kwa kuzingatia umri wa jengo, aina yake na mahali lilipo wakati pango lilipoanza. Katikati ya Arusha na Moshi yapo majengo mengi ya zamani, mengine yalitwaliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1971 na baadaye kuwekwa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Ukipanga kwenye jengo la umri huo, huwezi kudai lirudishwe lifanane na jengo la juzi lenye vioo. Unachoweza kudai ni lisivuje, lisianguke na lisizibe. Na mwenye jengo naye hawezi kukupa fremu chakavu kisha akakudai uirudishe mpya.

Hatua ya pili: kagua kabla hela haijatoka mfukoni

Hii usiifanye na dalali peke yake. Dalali analipwa mkataba ukifungwa, iwe dari inavuja au haivuji. Mlipe fundi wa bati na fundi umeme nusu siku uende nao.

Anza juu. Dari yenye maji huonyesha pete za rangi ya chai, moja ndani ya nyingine, kila mvua na pete yake. Ukikuta kipande kimoja cha dari kimepakwa rangi mpya na vingine vimezeeka, bonyeza kwa kidole. Jipsam iliyowahi kulowa ni laini na rangi yake inabonyea. Kisha fundi apande juu. Aangalie misumari iliyolegea, bati zilizoliwa na kutu kwenye maungio, na hasa lile bonde kati ya jengo lako na la jirani, kwa sababu majengo ya mjini yameshikana na maji ya mapaa mawili hukutania hapo. Miji yetu hii imejaa mijakaranda, na maua yake hudondoka Oktoba na Novemba, vuli ikiwa mlangoni. Yakishalowa hujikusanya ndani ya gata (mfereji wa maji ya paa) kama uji mzito, na mvua ya kwanza maji hayapati njia isipokuwa kurudi ndani, juu ya dari yako. Kwa hiyo uliza ni nani anasafisha gata na husafishwa lini. Ukijibiwa "huwa tunaangalia tu", jua hakuna anayesafisha.

Shuka kwenye maji. Fungua koki zote kwa pamoja, vuta choo, kisha fungua mfuniko wa chemba ya nje uone maji yanakwenda au yanasimama. Angalia mita ya maji ya AUWSA (mamlaka ya maji Arusha) au MUWSA (ya Moshi) kama inazunguka wakati koki zote zimefungwa. Ikizunguka, kuna bomba linavuja chini, na bili itakuwa yako.

Umeme: fundi afungue boksi la mein swichi. Aangalie kama kuna eathi, kama sakiti breka zinalingana na waya, na kama fremu ina mita yake ya LUKU au inachangia na jirani. Mweleze utaweka nini. Waya unaotosha duka la nguo hautoshi bucha yenye mafriji matatu.

Mwisho shata. Ipandishe na kuishusha mara kadhaa. Ikikwama nusu, ikipiga kelele ya chuma kwa chuma, au ikihitaji watu wawili, iandike.

Kisha andikeni orodha ya hali ya fremu. Haihitaji lugha ya kisheria. Karatasi moja yenye sehemu zote (paa, dari, kuta, sakafu, mlango na shata, umeme, maji, choo), mbele ya kila moja hali iliyonayo siku hiyo, picha za simu zenye tarehe, na sahihi zenu wote wawili. Mwenye jengo akigoma kusaini, mtumie picha zote kwa WhatsApp siku hiyo hiyo na ujumbe mfupi: "Shikamoo mama. Hizi ni picha za fremu kama nilivyoikuta leo. Dari ya nyuma ina alama za maji na shata inakwama." Ujumbe huo una thamani: tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani ukithibitishwa inavyotakiwa.

Hatua ya tatu: gaweni kazi kwa maandishi

Sheria inakupa msingi. Mkataba ndio unaomaliza ubishi wa vitu vidogo, ambavyo ndivyo vinavyogombanisha watu kila siku. Huu ni mgawanyo ninaouona wa haki kwa fremu moja ndani ya jengo.

Paa, kenchi, gata, kuta za nje, msingi, ngazi na korido: mwenye jengo. Rangi ya nje pia, isipokuwa mpangaji amekubali ukuta upakwe rangi za tangazo la kampuni; hapo muandike kabisa nani anapokea fedha za tangazo na nani atapaka upya litakapoondolewa.

Balbu, soketi zilizovunjika, vitasa, kufuli, koki zinazochakaa kwa kutumika, rangi ya ndani: mpangaji. Waya ndani ya kuta ni za mwenye jengo, lakini mpangaji akiongeza oveni au mashine bila idhini na waya zikaungua, gharama ni yake. Mita ya TANESCO haiguswi na yeyote kati yenu.

Choo na chemba vinahitaji maneno zaidi. Mabomba yakiziba kwa sababu ni mabovu au mizizi imeingia, ni ya mwenye jengo. Yakizibwa na nywele za saluni au mafuta ya chipsi, ni ya aliyeyaziba. Mahali penye wapangaji sita na choo kimoja hakuna atakayekiri, kwa hiyo saluni na migahawa waandikiwe tangu mwanzo kwamba wataweka kichujio cha nywele au mtego wa mafuta kwenye sinki, na watausafisha wao.

Shata nayo huleta maneno. Napendekeza hivi: grisi, kufuli na marekebisho madogo ni ya mpangaji, spring au bamba likichoka kwa umri ni la mwenye jengo, pikapu ya mzigo ikiligonga, ni la mpangaji bila kujali aliyekuwa anaendesha, kwa sababu mzigo ulikuwa wake.

Maneno ya kuandika kwenye mkataba yanaweza kuwa haya:

"Mpangishaji atatengeneza na kutunza paa, gata, kuta za nje, kuta kuu, mifereji mikuu, nyaya za umeme zilizo ndani ya kuta na maeneo ya pamoja. Gata zitasafishwa kabla ya masika na kabla ya vuli kila mwaka."

"Mpangaji atatunza ndani ya fremu, lakini hatawajibika kwa uchakavu wa kawaida wala kwa kasoro zilizoorodheshwa kwenye Orodha ya Hali ya Fremu, ambayo ni sehemu ya mkataba huu."

"Mpangishaji akipewa taarifa ya maandishi ya uharibifu ulio upande wake, atautengeneza ndani ya siku 14, au siku 3 ikiwa maji yanaingia ndani au umeme ni wa hatari. Asipofanya hivyo, Mpangaji anaweza kutengeneza kwa gharama ya kawaida ya soko, na kiasi kilichothibitishwa kwa risiti kitakatwa kwenye kodi inayofuata."

Kipengele hiki cha tatu ndicho cha kupigania kuliko vyote. Siku hizo mnaweza kuzibadili mnavyokubaliana, lakini usikubali sentensi ibaki "ndani ya muda muafaka", kwa sababu kila mtu ana muda wake muafaka. Na kwa kuwa mmelipana kwa mwaka, ongezeni kwamba kama hakuna kodi inayofuata ndani ya miezi mitatu, mpangaji atarudishiwa fedha taslimu au muda wa pango utasogezwa mbele kwa thamani hiyo.

Jihadhari na mstari mmoja unaopenda kunakiliwa kutoka mkataba mmoja hadi mwingine: "Matengenezo yote ni juu ya Mpangaji." Ukisaini hapo unaweza kuwa umejitwisha paa. Omba uongezwe maneno "ya ndani", au ufutwe.

Muandike pia kuhusu mabadiliko. Kuvunja ukuta wa kati, kutoboa dirisha, kuongeza ghorofa la mbao la stoo: idhini ya mwenye jengo kwa maandishi, na kibali cha Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi pale kazi inapogusa ukuta au muundo wa jengo. Semeni wazi kama rafu, vigae na kiyoyozi alivyoweka mpangaji ataondoka navyo au vitabaki.

Kodi ya majengo nayo iwekwe sawa. Tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo mpangaji anayenunua umeme ndiye anayeilipa kila mwezi, wakati ni deni la mwenye jengo. Ni fedha ndogo, ila ni zako. Mkubaliane zikatwe kwenye kodi ya pango.

Hatua ya nne: mkataba uwe na nguvu

Mashahidi wa pande zote, wakili ikiwezekana, na ushuru wa stempu ulipwe TRA, asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka. Wengi huona ni gharama ya bure. Hati isiyolipiwa stempu haipokelewi kama ushahidi mpaka ilipiwe, na siku ya kesi utailipa pamoja na adhabu. Kama biashara yako inatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango kwa ajili ya TRA, ikokotoe kwenye kodi nzima ya pango kabla ya kukata gharama za fundi.

Hatua ya tano: kitu kikiharibika

Piga picha na video kabla hujagusa chochote. Kisha okoa mali: sogeza bidhaa, zima umeme kwenye mein swichi, weka ndoo. Mpangaji anayeacha magunia yalowe siku tatu ili hasara ionekane kubwa atajibu kwa nini hakuyasogeza.

Mpigie mwenye jengo, kwa heshima yake, lakini usiishie kwenye simu. Andika siku hiyo hiyo:

"Mzee, shikamoo. Leo tarehe … saa … maji ya mvua yameingia kwenye fremu namba … kupitia dari ya upande wa nyuma. Picha nimekutumia. Kwa mujibu wa mkataba wetu kipengele cha … paa ni upande wako. Naomba litengenezwe ndani ya siku 3. Bidhaa zilizolowa nimeziorodhesha na kuzitenga ili uzione. Nipo dukani muda wote wa kazi fundi akija."

Barua ya karatasi ikihitajika, toa nakala mbili na aliyepokea asaini nakala yako. Mwenye jengo akiwa Dar es Salaam au nje ya nchi, mkataba uwe umetaja tangu mwanzo nani anapokea taarifa kwa niaba yake.

Kwa wenye majengo: sheria inawapa haki ya kuingia kukagua kwa taarifa na kwa saa za staha, na kumwandikia mpangaji atengeneze alichoharibu ndani ya muda mnaoutaja. Itumieni haki hiyo mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kabla ya mvua. Bati moja lililolegea mwezi wa pili ni kazi ya fundi mmoja asubuhi moja. Likiachwa mpaka Aprili, mbao za kenchi zinaoza na mnabadilisha upande mzima wa paa.

Moto na mafuriko vina utaratibu wake. Fremu ikiharibiwa na moto, mafuriko, dhoruba, tetemeko au ajali isiyotokana na uzembe wa mpangaji, watu wake au wageni wake, kifungu cha 88 kinasimamisha kodi, yote au sehemu yake kulingana na ukubwa wa uharibifu, mpaka mahali pafae tena. Ikipita miezi sita hapajafaa, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Kama ulishalipa ya mwaka, andika mapema unadai muda gani ufidiwe. Lakini bidhaa zako zilizoungua hazilipwi na kifungu hiki. Hizo ni za bima yako, na bima ya mwenye jengo hulinda jengo lake.

Hatua ya sita: mwenye jengo akinyamaza

Siku zikipita, tuma kumbusho la pili la maandishi, ukiambatisha makadirio ya mafundi wawili. Kama mkataba una kile kipengele cha kukata, tengeneza, dai risiti ya EFD (ya mashine ya kielektroniki) kwa vifaa, mwandikishe fundi karatasi ya malipo ya kazi yake, na umpelekee mwenye jengo nakala zote. Tengeneza kilichoharibika tu. Ukibadilisha paa zima kwa bati za rangi kwa sababu karatasi nne zilitoboka, hutarudishiwa.

Kama mkataba hauna kipengele hicho, usikate kodi kwa uamuzi wako. Utageuka mdaiwa, na mazungumzo yatahama kutoka kwenye paa lake kwenda kwenye deni lako. Lipa, andika kwamba unalipa huku ukidai matengenezo, kisha fuata usuluhishi.

Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwakalisha, na mara nyingi inatosha. Isipotosha, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo halihukumu tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha, na usuluhishi ukishindikana linakupa hati ya kuthibitisha hivyo. Hati hiyo ndiyo unayokwenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la kata likikaa zaidi ya siku 30 bila kusuluhisha, unaruhusiwa kuendelea. Beba mkataba wenye stempu, orodha ya hali ya fremu, picha, ujumbe na risiti, vimepangwa kwa tarehe.

Mwenye jengo asikufungie kufuli lake kwa sababu mnabishana matengenezo. Sheria inamtaka atoe notisi kabla ya kuvunja pango, na mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti ana haki ya kutumia eneo lake kwa utulivu. Ukifungiwa, usikate kufuli kwa nguvu. Ita mjumbe au mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, andika kilichomo ndani, kisha uone wakili siku hiyo.

Hatua ya saba: unapoondoka

Kifungu cha 89 kinataka urudishe fremu kama ulivyoipokea, ukitoa uchakavu wa kawaida na uharibifu wa majanga usiotokana na uzembe wako. Matundu ya rafu yazibwe, nyaya ulizoongeza zitolewe na fundi umeme, ukuta uliotoboa urudishwe kama hukupewa idhini ya kuuacha. Sakafu iliyofifia kwa miguu ya wateja wa miaka mitano si deni lako.

Pitieni orodha ile ile ya siku ya kwanza, mstari kwa mstari, mkiwa wawili ndani ya fremu tupu. Andikeni usomaji wa mita ya maji, namba ya mita ya LUKU na yuniti zilizobaki, idadi ya funguo zilizorudishwa, na, kama uliweka amana (fedha ya dhamana) mwanzoni, kiasi kitakachorudi pamoja na tarehe yake. Wote wawili msaini kabla funguo hazijabadili mkono.